Barua ya wazi kwa vijana wa Njombe na Iringa mnaojiandaa kuoana

Kamwene, wanangu.

Kazi yangu ya ushenga imenikutanisha na wengi wenu. Mnafika mkiwa mmekamilisha mambo: mahari imeshapangwa, kamati imeundwa, kadi za michango zimesambazwa, ukumbi umelipiwa nusu. Nami huuliza jambo moja tu: mwenzako alilelewa na nani? Hapo wengi hutazama chini.

Naomba mlijue hilo kabla ya harusi.

Mama yenu, mke wangu, alikulia Makambako wakati reli ya TAZARA inajengwa, kati ya 1970 na 1975. Baba yake alikuwa kibarua wa reli. Kazi ilivyosogea kuelekea Mbeya naye akasogea nayo, watoto wakabaki wanasikiliza kila gari la kambi likipita, kama atashuka. Alinisimulia hayo jioni moja tukipukuchua mahindi, mikono ina kazi na macho yako kwenye magunzi. Hadi leo nikisafiri anataka ajue nimepanda basi gani na linafika saa ngapi. Mwingine angeuita huo wivu. Mimi humpigia simu nikiwa stendi, nampigia tena nikishuka, na nyumba inatulia.

Kwa hiyo msikalishane kama karani wa sensa na mwenye kaya. Ulizaneni mkiwa mnamenya viazi, au mko kwenye basi. Anza wewe, simulia la kwako, hata la aibu. Kisha uliza vitu vidogo. Baridi ya Juni na Julai mlijifunika nini, na shuka moja mlilala wangapi? Nani alikuamsha kwenda shule? Mahindi yakiisha ghalani kabla mapya hayajakomaa, mlikula nini? Ukimuuliza mtu "utoto wako ulikuwaje", atajibu "wa kawaida tu" na mazungumzo yataishia hapo.

Wazazi nao waulizeni, maana mnaoa na ukoo. Baba mkwe anayeficha kilo ya sukari kabatini huenda alikuwa mtoto miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni zilipoadimika na watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Muulize, utapata mchana mzima wa hadithi.

Sasa lililo zito, na nalisema kwa upendo. Mikoa yetu hii ni kati ya iliyoumizwa zaidi na UKIMWI nchini. Wengi wenu mlilelewa na bibi, wengine mligawanywa kwa wajomba na mashangazi, ndugu wa tumbo moja kila mmoja na nyumba yake. Mtoto aliyehamishwa hivyo anaweza kukua akila harakaharaka, asiombe kitu, afiche homa mpaka aanguke. Ukimwoa bila kuyajua hayo, utasema ana kiburi. Akianza kusimulia akanyamaza katikati, mwache anyamaze, endelea kumenya viazi vyako. Atarudia siku nyingine, labda mwaka mwingine.

Na aliyokusimulia jikoni usimrudishie siku ya ugomvi. Usiyapeleke kwa rafiki zako wala kwa mama yako. Nimeona ndoa ikivunjika kwa sentensi moja, "ndiyo maana hata shangazi yako alikufukuza", na hapakuwa na mshenga wa kuitibu.

Mkipata nauli, pelekaneni. Muoneshe shule uliyosoma, mto uliochotea maji, na kaburi la bibi kama lipo.

Mnaokuja kwangu kwa kikao kijacho, kabla hatujagusa habari za mahari nitamuuliza kila mmoja wenu: mwenzako alipougua utotoni, nani alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati?