Noti moja yatosha kutisha

Mhariri,

Vijana wa Lamu wanaotengeneza filamu fupi za distopia, yaani za dunia ijayo iliyoharibika, wana picha nzuri ila muziki unawaangusha. Wanapakua okestra nzima na kuimwaga mwanzo hadi mwisho. Fidla zikilia kabla ya mhusika kulia, mtazamaji keshaambiwa ahisi nini na hofu imekwisha. Utawala unaotisha katika filamu hizi hauna huruma. Muziki wake nao usiwe nayo.

Katika filamu ya The Terminator ya 1984, mtunzi wa muziki wake, Brad Fiedel, alibonyeza kwa mkono kitufe cha kurudia mdundo, akakosea kidogo, kila mzunguko ukaangukia mapigo 13, idadi isiyo ya kawaida. Akauacha vivyo hivyo. Sikio linatafuta pa kutulia na halipati.

Kompyuta na programu ya bure vyatosha. Chukua sauti mbili za wimbi la msumeno, yaani mlio mkali wa kielektroniki, moja ya mitetemo 55 kwa sekunde, nyingine 55.25. Zitavimba na kunywea kila sekunde nne, kama maji yanayopumua chini ya gati. Fungua kichujio, yaani kizuizi cha sauti za juu, polepole kwa dakika nzima. Melodi ya nini tena?

Tatizo kubwa ni simu, na huko ndiko filamu hizi hutazamwa zaidi. Spika yake haifiki mitetemo 55, hivyo uzito uliotisha kwenye hedifoni unapotea. Ongeza noti ileile oktavu tatu juu, mitetemo 440, kwa sauti ya chini sana. Usiitie besi mwangwi mrefu, itameza maneno. Wahusika wakizungumza, punguza muziki desibeli 3 au 4 kati ya mitetemo 1,000 na 4,000.

Nasi watu wa Lamu twaijua noti moja yenye mamlaka: siwa ya shaba, baragumu la watawala, iliyomo katika Makumbusho yetu ni ya sauti hiyo. Rekodi baragumu, punguza kasi kwa nusu, itashuka oktavu moja kamili. Hakuna maktaba ya mtandaoni itakayokupa kitu hicho.

Kisha izime noti yako ghafla. Sikio huzoea sauti isiyobadilika hata mtu akaisahau. Ikikatika ndipo anapojua kwamba ilikuwapo. Ikate mlango unapofunguliwa, si picha inapobadilika, na uache kimya cha sekunde tano.

Watayarishaji wa sauti za filamu,
Lamu