Ngozi Zetu Zinaharibikia Kichinjioni

Mhariri,

Kila viongozi wetu wa Nakuru wanapozungumzia ngozi, hoja ni kiwanda cha kusindika ngozi. Kikijengwa, tunaambiwa, mfugaji atapata bei na vijana watapata kazi. Mimi hununua ngozi kwenye vichinjio vya kaunti hii, na naomba niseme wazi: nyingi huwa zimeshaharibika kabla ya kufika kwenye lango la kiwanda chochote.

Mchunaji hapa hulipwa kwa kichwa. Akimaliza ng'ombe mmoja, mbio kwa mwingine. Kisu chake ni kile kile cha kukatia nyama, chenye ncha iliyochongoka, wala si kisu cha kuchunia kilichopinda. Basi anaikatakata ngozi upande wa ndani. Ikiwa bado mbichi, ina damu na manyoya, alama hizo ni rahisi kuzipita bila kuziona. Kiwandani huloweshwa, ikatiwa chokaa ili manyoya yatoke, ikakwanguliwa mabaki ya nyama, halafu ikatiwa asidi na chumvi na kuzungushwa ndani ya pipa kubwa lenye dawa ya kromiamu, inayoifanya isioze, mpaka itoke ikiwa ya samawati. Hapo ndipo kila mkato hujitokeza, na palipokatwa sana hupasuka. Hakuna dawa ya kuziba tundu. Ukitumia magome ya miti ya miwati badala ya kromiamu, utangoja majuma kadhaa, na tundu utalikuta palepale.

La pili ni chumvi. Ngozi ikishatoka kwenye mzoga, bakteria hawangoji. Joto la mchana likiikuta imerundikwa sakafuni, saa chache zinatosha kuiozesha. Njia ya kuipima ni rahisi: shika manyoya kwa vidole viwili, uvute kidogo. Yakitoka kirahisi, uso wa ngozi umeanza kuoza, na uso ndio anaoulipia mtengenezaji wa viatu na mikoba. Ili isifike huko, ioshwe, ipoe, kisha ipakwe chumvi upande wa nyama kiasi cha theluthi moja ya uzito wake. Chumvi ina gharama, na bei ya ngozi mbichi imeanguka vibaya, kwa hiyo mwenye bucha haoni sababu ya kuinunua. Wengine siku hizi wanazitupa kabisa. Siwalaumu.

Wapo wanaozitandaza chini juani. Hiyo nayo ni hasara, kwa sababu nje hukauka na kuwa ngumu huku katikati kukibaki kubichi na kuendelea kuoza. Ngozi ikilowekwa kiwandani, sehemu iliyoungua kwa jua hulainika kama gundi na kuacha matundu. Asiye na chumvi aiwambe kwenye fremu ya miti, kivulini, hewa ipite pande zote mbili. Fremu hazina gharama kubwa. Na wafugaji nao waache kupiga chapa kwenye paja na mbavu, ambako ndiko kuna ngozi bora zaidi; chapa ya shavuni au chini mguuni inatosha kumtambulisha ng'ombe.

Haya yote hayahitaji kungoja Nairobi. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vichinjio na huduma za mifugo. Sheria ya biashara ya ngozi, Sura ya 359, nayo ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kaunti anayesimama kichinjioni alfajiri, akapanga ngozi kwa madaraja mbele ya mchunaji mwenyewe, na ile ya daraja la kwanza ikamletea nyongeza siku hiyo hiyo.

Kiwanda sikipingi. Ila kijengwe na mtambo wa kusafisha maji yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia humo, kinabaki humo.

Ombi langu kwa idara ya mifugo ya kaunti ni hili: ianze na kichinjio kimoja tu. Inunue visu vya kuchunia, iwafundishe wachunaji, iweke akiba ya chumvi, na ituite wanunuzi tukubaliane bei ya kila daraja. Nina hakika wenzangu wengi wangelipa zaidi kwa ngozi isiyo na mkato. Mimi niko tayari kuanza hata mwezi ujao.

Mnunuzi wa ngozi,
Nakuru