Jumapili tunazamia kwa pumzi

Assalaam aleikum wanakikundi,

Nimeona swali la jana usiku: kwa nini tusibebe mitungi ya hewa, tukae chini tukimvizia samaki kwa bunduki? Jamani, bunduki ya mshale imepigwa marufuku Kenya, uwe na mtungi au huna. Jumapili ni mazoezi ya kuzama kwa kubana pumzi tu. Afrika Kusini bunduki inaruhusiwa, lakini si kwa mwenye mtungi, na mimi naona ni haki. Anayehemea chini humaliza mwamba mzima.

Cha kuogopa kwetu ni mita 10 za mwisho ukipanda. Shinikizo linapungua kwa nusu, oksijeni inashuka ghafla, mtu anazimika kama taa. Kwa hiyo hakuna kuhemahema haraka kabla ya kuzama. Mmoja akiwa chini, mwenzake yuko juu anamtazama, na akiibuka aendelee kumtazama kwa sekunde 30.

Aliyezamia na mtungi Jumamosi abaki mashuani ashike kamba.

Tukutane saa 12 na nusu asubuhi. Mkanda wa uzito, ule wa vipande vya risasi vya kukuzamisha, uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja. Ule wa mafundo wa mwezi jana sitaki kuuona.