Ripoti Ipo, Hawaitoi

Amu, Langoni

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, mama anakusalimu na anaulizia mkeka uliomwahidi. Nimekaa kimya tangu Maulidi, nisamehe. Leo nina jambo linaloninyima usingizi.

Juma lililopita, mimi na wenzangu wa kamati ya wavuvi tulikwenda kwa kampuni moja kubwa yenye kazi zake hapa ufuoni. Tukaomba ripoti yao ya mazingira: maji machafu yanakwenda wapi, mikoko mingapi imekatwa. Kijana akatuletea soda, akasema kwa adabu kuwa hawachapishi. Hakusema haipo, somo. Miradi mikubwa kama huo wao hupeleka ripoti ya ukaguzi kila mwaka kwa NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira. Basi ipo.

Nimewaza kwa nini. Wanasema kupima ni gharama, lakini aliyemwaga zege lote lile hashindwi kupima maji. Kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Nairobi zilipewa mwongozo wa kuripoti mazingira mwaka 2021. Hii haiuzi hisa, nani ataiuliza? Tena ukichapisha mwaka huu, mwakani utalinganishwa na wewe mwenyewe. Anayenyamaza halinganishwi na mtu.

Zaidi ya yote wanaogopa mahakama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu, na ikasema haki yao ya kupata habari ilivunjwa. Mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wenye makampuni waliyaona hayo. Hesabu iliyoandikwa ni ushahidi.

Na mjomba je? Anavua tafi pale tangu hatujazaliwa. Siku hizi anasema maji yana rangi ya chai, nyavu zinarudi na utelezi, na hana karatasi ya kumwonyesha hakimu. Nikimtazama anavyoziosha zile nyavu moyo unaniuma.

Wewe umekaa na wahasibu huko Mombasa. Ombi chini ya sheria ya kupata habari ya 2016 huandikwaje? Tulipeleke NEMA au kwa kampuni yenyewe? Wakisema ni siri ya biashara, tuwajibu nini? Yule wakili wa Kizingo bado mnaonana? Na wewe, mguu umepona?

Nijibu kabla ya Ijumaa, kamati inakutana baada ya sala.

Somo yako