Neno "nitajitahidi" limenigharimu

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu masika.

Mimi nauza dagaa. Nanunua wabichi mwaloni Igombe, naanika palepale, wakikauka nawapeleka soko la Mwaloni Kirumba kwa wanunuzi wa jumla. Mpaka mwezi wa nne nilikuwa pia mtunza ufunguo wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mtaani kwetu, mweka hazina wa kwaya, mjumbe wa kamati ya shule, na mjumbe wa kamati mbili za harusi, moja ya mtoto wa mama mdogo, nyingine ya jirani. Kote huko sikuomba, na wala sikuwahi kutamka "ndiyo". Kila nilipoulizwa nilijibu "nitajitahidi", aliyeuliza akaandika jina langu.

Jumapili moja nilikuwa nimeanika ndoo kumi na mbili, nusu yake kwa mkopo wa mwenye mtumbwi. Saa nane mchana kikao cha harusi, Buhongwa. Kutoka Igombe mpaka Buhongwa unavuka jiji zima. Nikamwachia kijana anigeuzie. Tukiwa bado tunabishana kuhusu ukumbi, nikaona wingu jeusi limetanda upande wa ziwani. Nilipofika Igombe dagaa walikuwa wamelowa, wameganda kwenye nyavu, ukimshika mmoja anapasuka tumbo. Aliyewanunua alisema wazi kwamba anawapeleka kwenye chakula cha kuku, na bei ikawa ya kuku. Deni la mtumbwi nimelimaliza juzi.

Lakini dagaa si kitu. Sanduku la kikoba chetu lina kufuli tatu na watunza ufunguo watatu. Mmoja asipofika, halifunguki. Mara mbili wanachama walikaa kwenye mabenchi tangu saa kumi mpaka magharibi wakinisubiri mimi. Mara ya pili kulikuwa na mama aliyehitaji mkopo siku hiyohiyo, mtoto wake amelazwa. Nilipoingia nahema, alinitazama tu, hakusema neno. Mtazamo ule sijausahau.

Wiki iliyofuata nilisimama kikaoni nikaweka ufunguo mezani. Mwenyekiti akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Mwingine akauliza nimegombana na nani. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kwetu mtu haruhusiwi kupunguza mzigo mpaka augue au akosane na wenzake. Nikawaambia siumwi, sina ugomvi na mtu, ila sitaweza. Ufunguo alipewa binti anayeishi nyumba ya tatu kutoka pale tunapokutania. Tangu hapo sanduku linafunguliwa kwa wakati.

Kwa mama mdogo ilikuwa ngumu zaidi. Yeye ndiye aliyenilea. Nilikwenda mwenyewe, sikupiga simu, nikamwambia: mama, mchango wangu nitautoa wote, lakini kwenye kamati mniondoe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula. Wiki mbili hakunipigia. Sasa tunaongea.

Kwaya sijaiacha, ila nimeiwekea mpaka. Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa hupumzika, maana taa haivuti dagaa mwezi ukiwaka. Siku hizo nafanya hesabu za kwaya hata usiku. Siku za giza, wakati mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, wasinihesabu. Mwalimu wa kwaya alilikubali hili mara moja. Yeye ni mtoto wa mvuvi.

Ombi langu ni kwa ndugu zangu wanaounda kamati, maana msimu wa harusi haujaisha. Msimwandike mtu jina kisha mkamwingiza kwenye kundi la WhatsApp akajikuta humo. Mpigieni kwanza. Mwambieni ni vikao vingapi, wapi, saa ngapi. Akijibu "nitajitahidi", muulizeni tena palepale: utaweza au hutaweza? Na akisema hataweza, msimuulize kama anaumwa.

Muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza