Cha juu cha dalali kinatoka mfukoni mwa nani?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja huku Goba, Dar es Salaam, na najua barua hii itawaudhi wenzangu wa kijiweni.

Watu hubishana kama dalali alipwe na muuzaji au mnunuzi. Kwenye kupanga hakuna ubishi: mpangaji anatoa kodi ya mwezi mmoja, apende asipende. Kwenye kuuza, tunasema muuzaji anatoa asilimia 10, na ukikutana na mbishi unashuka hadi tano. Hayo ni ya mdomoni. Kinachotawala ni cha juu, yaani pesa dalali anayoongeza juu ya bei anayotaka muuzaji. Mzee anataka milioni 40 mkononi. Dalali anamtajia mnunuzi 46. Mkataba unaandikwa 40, sita zinapita pembeni, na mzee anaondoka akiamini dalali hakumla hata shilingi.

Mnunuzi naye anadhani yamekwisha. Siku akiiuza nyumba hiyo, watu wa Mamlaka ya Mapato, TRA, watadai kodi ya asilimia 10 ya ongezeko la mtaji, yaani faida kati ya bei aliyonunulia na anayouzia, nao wanaangalia karatasi. Karatasi inasema 40. Zile sita alizotoa zinageuka kuwa faida yake, anakatwa laki sita juu ya pesa aliyompa mtu ambaye hata risiti hakutoa. Wanunuzi hawaelezwi hili. Nikiwaeleza mimi, naitwa msaliti.

Halafu kuna mnyororo. Mwaka jana, watu wameshatia saini mauziano ya nyumba ya vyumba vitatu, wakajitokeza madalali watano. Mmoja ndiye aliyeonyesha nyumba. Mwingine alimjua aliyeonyesha. Wa mwisho, kijana wa bodaboda, alidai namba ya simu ya mwenye nyumba ilitoka kwake! Mama aliyenunua akaniuliza, "Baba, hawa wote nimewatuma mimi?" Nilikosa la kumjibu, maana hakuna aliyetumwa na yeyote kwa maandishi.

Marekani, ambako kwa miaka muuzaji ndiye aliyewalipa madalali wa pande zote mbili, mambo yaliishia mahakamani. Chama chao cha kitaifa kilikubali kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti 2024 dalali wa mnunuzi anatakiwa asaini na mteja wake malipo ni kiasi gani kabla ya kumpeleka kuona nyumba. Kabla, si baada. Sisi tunaanza kuulizana wakati pesa ziko mezani.

Mauziano mengi huku yanashuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Naomba karatasi wanayogonga muhuri iongezwe mistari miwili: dalali alitumwa na nani, na analipwa shilingi ngapi. Asiye na jina hapo asidai kitu. Aliyezoea cha juu cha milioni sita atanuna, lakini asilimia tano ya milioni 46 ni zaidi ya milioni mbili, na mimi nimesomesha watoto kwa pesa za namna hiyo.

Dalali wa Goba,
Dar es Salaam