Mdogo wangu, kabla hujaacha kazi Doha

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba niliusikiliza nikiwa sokoni Mgandini, hapa Tanga, simu nimeibana kwa bega huku nachagua nyanya, nikaurudia usiku Mama alipokwisha lala. Nimekusikia. Umechoka kupika vya watu. Miaka miwili uko Doha unakata vitunguu kwa kipimo cha mtu usiyemjua, unapanga sahani ifanane na picha iliyobandikwa ukutani, na ukizidisha chumvi kidogo tu unaitwa. Sasa yuko tajiri Dar anakwambia atakujengea mgahawa, jina lako mlangoni, uje hata mwezi ujao.

Nakujibu hadharani kwa sababu huko mliko mko wengi, na kila mmoja ana dada anayepokea ujumbe wa dakika saba. Jina lako silitaji, usihofu. Lakini habari ya tambi za pakiti nitaisema.

Kuna Mfaransa mmoja nataka umjue kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Anaitwa Jean-Georges Vongerichten. Jina gumu, hata Wamarekani huishia kwenye Jean-Georges. Huenda umelisikia hapo hapo Doha, maana hoteli ya W ilikuwa na mgahawa wake ulioitwa Market. Ana migahawa kwa makumi: New York, London, Shanghai, na kwingine. Huyo wa leo, mwenye migahawa ya kuhesabu kwa orodha, simhitaji sana katika barua hii. Ninayemtaka ni yule wa mwaka 1980, kijana wa miaka 23, yuko Bangkok, anapika vya watu.

Nianzie kwao, maana hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Alizaliwa 1957 karibu na Strasbourg, katika jimbo la Alsace. Biashara ya ukoo wao ilikuwa makaa ya mawe, na mama yake na bibi yake walikuwa wakiwapikia wafanyakazi chakula cha mchana kila siku, masufuria makubwa, watu kwa makumi. Nikamwona Mama na makuli wake wa bandarini, na ile sufuria ya maharage ambayo mimi na wewe tulikuwa tunaibeba kila mmoja kashika sikio lake. Kazi ya mtoto yule ilikuwa kuonja na kusema kimepungua nini. Wewe nawe ulikuwa unadondoshewa mchuzi kiganjani, unaulamba, unasema "ndimu". Mama bado anasema mpaka leo hajapata mwonjaji mwingine. Mimi ameniweka kwenye daftari la madeni.

Shuleni hakufaa. Alipotimiza miaka 16, mwaka 1973, wazazi wake wakampeleka kula kwenye mgahawa wa nyota tatu za Michelin (kitabu cha Kifaransa cha kupima migahawa, na tatu ndizo za juu kabisa), Auberge de l'Ill, kijiji cha Illhaeusern. Kijana akaona sahani zinavyotoka, watumishi wanavyopishana, akashikwa. Mpishi mkuu, Paul Haeberlin, alipopita mezani kuwasalimu, baba mtu akamwombea mwanawe kazi, hata ya kuosha vyombo, maana alikwisha mkatia tamaa. Wakampokea. Kuanzia hapo ni uanagenzi kwa wapishi wakubwa: kwa Haeberlin, kwa Paul Bocuse, na kwa Louis Outhier wa mgahawa wa L'Oasis, kule La Napoule karibu na Cannes. Hii sehemu naipita haraka kwa sababu unaijua kuliko mimi: kuamka alfajiri, kuungua, kufokewa, kuamka tena.

Sasa Bangkok. Outhier alikuwa na mkataba na hoteli ya Oriental kusimamia mgahawa wake wa Kifaransa, Normandie. Jina na menyu vilikuwa vya Outhier, na mkono uliopelekwa ulikuwa wa Jean-Georges. Akaenda akiwa na miaka 23, hajawahi kuiona Asia. Na tangu siku ya kwanza, mwenyewe amesimulia mara nyingi, akitoka uwanja wa ndege akasimama njiani akanywa supu ya mchaichai. Akapigwa na butwaa. Yeye alizoea kwamba supu yenye ladha lazima uchemshe mifupa tangu alfajiri, ulipunguze rojo, umalizie na siagi na krimu. Hii imepikwa pembeni ya barabara, kwa muda mfupi, kwa maji, kamba, mchaichai, ndimu na pilipili, na inamzidi.

Mchaichai, mdogo wangu! Ule ule uliojiotea nyuma ya bafu letu, ambao sisi kazi yake tunaijua moja, chai.

Fikiria maisha yake yalivyokuwa baada ya hapo. Saa za kazi yumo ndani ya jiko la hoteli anapika kama Outhier alivyoamuru, vya Kifaransa vitupu, kwa vitu vingi vilivyosafirishwa kutoka mbali. Akitoka nje, soko limejaa tui, tangawizi, ukwaju, majani ya mlimau, samaki anayerukaruka. Angeweza kurudi chumbani akalala na kuikumbuka Alsace. Alikwenda sokoni. Alikula barabarani. Na hakukimbilia kuvitia vitu hivyo katika sahani za hoteli, kwa sababu sahani za hoteli hazikuwa zake. Alivila, akavihifadhi kichwani.

Ndiyo nakuuliza wewe: katika miaka miwili ya Doha umekula nini? Nakujua. Unakula chakula cha wafanyakazi kazini, na siku ya mapumziko unachemsha tambi za pakiti chumbani, unapiga simu nyumbani kuuliza kama bado kuna dagaa. Soko la samaki lipo hapo mjini. Yule wanayemwita hamour ni chewa, chewa wetu huyu huyu wa Deep Sea hapa Tanga. Watu wa Kerala, Wanepali, Wafilipino, Wasri Lanka, wote wako hapo na vijiwe vyao vya kula, bei ya mshahara wako. Wanapika samaki kwa nazi kama sisi na bado hawapiki kama sisi. Hiyo tofauti ingetosha kukufundisha mwaka mzima. Wewe unaniambia Doha hakuna kitu cha kujifunza, watu wanakunywa karak tu, ile chai yao ya maziwa. Je, umeshauliza hiyo karak inachemshwaje?

Nisikuonee. Najua zamu za saa kumi na mbili zinavyomla mtu. Nilipokuwa karani wa stoo kwenye hoteli moja ya Dar (nayo siitaji) nilikuwa nikirudi nyumbani siwezi hata kumenya kiazi. Lakini ukiniambia unarudi kufungua mgahawa wa jina lako, nina haki ya kuuliza jina hilo litakuwa na ladha gani.

Bangkok haikuwa mwisho. Outhier alikuwa na mikataba na hoteli nyingine, na kila mlango mpya ulipofunguliwa, kijana alitumwa: Singapore, Hong Kong, na kwingine, migahawa kama kumi kati ya 1980 na 1985. Yote ya jina la mwingine. Ninadhani hapo ndipo alipojifunza ile kazi nyingine ambayo hakuna anayekufundisha jikoni, yaani kuingia mji usioujua, kukuta jiko lina mabomba na nyaya tu, kutafuta muuza samaki asiyedanganya, kuwafundisha watu ambao hamwelewani lugha mpaka sahani itoke sawasawa, halafu kuondoka na sahani iendelee kutoka sawasawa. Kupika vizuri ukiwa umesimama pale ni kipaji. Lile la pili ni ufundi mwingine kabisa, na tajiri wako wa Dar hajakuuliza kama unao.

Mwaka 1985 akapelekwa Boston, 1986 New York, kwenye mgahawa wa Lafayette ndani ya hoteli ya Drake. Bado chini ya kivuli cha Outhier, lakini sasa ile supu ya njiani ikaanza kutoka kichwani. Akaanza kuondoa rojo za mifupa na krimu, mahali pake akaweka juisi za mboga, mafuta yaliyotiwa viungo, supu nyepesi. Kamba ndani ya juisi ya karoti yenye viungo, kwa mfano. Wafaransa wa mjini wakashangaa, gazeti la New York Times likampa nyota nne, ambayo ndiyo daraja lao la juu. Na ile keki ya chokoleti ambayo ukiikata inatiririka katikati, ambayo siku hizi hata hoteli za huku wanaileta na aiskrimu pembeni, yeye husema aliipata kwa kosa, keki zimetoka jikoni hazijaiva na wageni wakazipenda. Wapo Wafaransa wanaosema kitu hicho kilikuwapo kwao kabla yake, na Michel Bras alikuwa na yake tangu 1981. Waachie wenyewe ugomvi wao.

Mgahawa wake mwenyewe wa kwanza ni JoJo, New York, 1991. Piga hesabu: tangu 1973 ni miaka 18. Na pamoja na hayo, jina aliloliandika mlangoni lilikuwa la utani la utotoni, lile la kuitwa na mama. Mwaka uliofuata akafungua Vong, silabi ya kwanza ya jina la ukoo wake ambayo kwa bahati inasikika kama neno la Asia, na humo ndimo Ufaransa na Thailand vilipokaa sahani moja. Jina lake kamili la Jean-Georges halikukaa mlangoni mpaka 1997, pembeni ya Central Park.

Fedha je? Hapa ndipo nataka usome taratibu. Aliyemwezesha anaitwa Phil Suarez, mtu wa kutengeneza video za muziki, ambaye alikuwa mteja pale Lafayette. Alikuwa amekula mkono wake kwanza. Akamwambia siku ukitaka kujitegemea nitafute. Huyu wako umeniambia alikuona kwenye video ya simu ukirusha moto kwenye kikaango. Hajawahi kula hata kijiko.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, na mimi kidogo naachana naye. Vong ya London, Vong ya Hong Kong, Shanghai mwaka 2004, Las Vegas, hoteli baada ya hoteli. Biashara ya namna hii huendeshwa hivi: mwenye hoteli anajenga, analipa mishahara, anabeba hasara. Mpishi anatoa jina, menyu, na watu wa kufundisha, naye analipwa ada. Jikoni kila kitu kina uzito wake kwa gramu, mizani iko mezani, ili mtu wa Shanghai na wa New York wasitofautiane. Wewe mizani hiyo unaichukia. Unasema imekufanya mashine. Mimi niliyeona stoo naiheshimu kuliko unavyodhani, kwa sababu mgahawa wa Mama hauna mizani, na siku Mama akiumwa kichwa makuli wanajua tangu tonge la kwanza. Umeniambia mwenyewe wali wa nazi wa Mama hujawahi kuupata kwa mkono wako. Umewahi kupima vikombe vya tui? Hata yeye hajawahi.

Lakini kuwapo kila mahali kuna gharama yake. Vong zote zilifungwa. Spice Market ya New York, iliyotamba tangu 2004, ilifungwa 2016. Na mgahawa wenyewe wa Jean-Georges, uliokuwa na nyota tatu tangu Michelin walipoanza kuipima New York, ulishushwa hadi mbili mwishoni mwa 2017. Sisemi ni kwa sababu ya kutawanyika, wapo waliotulia mahali pamoja na bado wakashushwa. Ila ningekuwa mama yake ningemuuliza, hiyo ya arobaini ulikuwa unaitafutia nini?

Kwa hiyo kuhusu tajiri. Mwambie akutumie mkataba wa maandishi, nami nitampelekea yule mwanasheria tuliyesoma naye. Nataka kujua jina lako likiandikwa mlangoni ni la nani. Mkigombana mwaka wa pili, ukaondoka, unaondoka nalo au linabaki ukutani likipikiwa na mtu mwingine? Nataka kujua nani analipa kodi ya jengo miezi sita ya kwanza, ambayo hakuna mteja. Na nataka aje Doha ale. Akikataa kuja, basi aje Tanga ale kwa Mama, angalau ajue umetokea mkono gani.

Mkataba wako huko umebakiza miezi kumi na minne, nimeuhesabu. Ijumaa yako ya mapumziko nenda soko la samaki, kisha kaa kijiwe chochote cha Wakerala uagize wanachokula wao. Nitumie picha ya sahani, usiniambie imependeza, niambie ndani yake mna nini.

Na Mama anauliza. Nilimsomea mahali fulani kwamba wali wa huko Doha uitwao machbous unatiwa ndimu zilizokaushwa mpaka zikawa nyeusi. Tangu jana anataka kujua: zinatiwa nzima, au zinatobolewa kwanza? Ameshaanika ndimu kumi juu ya bati la jikoni.